Geji ya Mteremko Kwenye Trekta Dogo: Inamlinda Nani Uluguru?

Mkoa wa Morogoro una nchi mbili za kilimo zinazotazamana. Chini kuna mabonde ya Dakawa, Kilosa, Mtibwa na Kilombero, ambako trekta limelima mpunga na miwa kwa miongo mingi. Juu yake imesimama safu ya Uluguru, yenye vilele vinavyopita mita 2,600, ambako jembe la mkono linalima kabichi, karoti, viazi na maharage kwenye miteremko ambayo mgeni huipanda kwa kushika majani. Kati ya nchi hizo mbili kuna ukanda wa vilima vya chini: Mlali na Kipera upande wa magharibi, Mkuyuni na Matombo upande wa mashariki. Trekta dogo la nguvu za farasi 20 hadi 40 linapotoka bondeni kutafuta kazi, huanzia kwenye ukanda huu.

Swali linalozunguka sasa kwa wamiliki wa matrekta, mafundi na vijana wanaotaka kukodisha mashine linahusu kifaa kidogo. Ni geji inayofungwa mbele ya dereva kumwonyesha trekta limeinama kiasi gani, pamoja na alama inayomwonyesha kijiko cha mbele kimelala au kimeinuka vipi. Wapo wanaosema geji hiyo ndiyo itakayolipandisha trekta mlimani. Wengine wanaiona pambo linalomtia dereva ujasiri asiostahili. Wengine hawataki hata kusikia neno trekta likitajwa pamoja na Uluguru. Kila upande unajibu swali tofauti na mwenzake, na ndiyo maana mjadala hauishi.

Digrii si asilimia

Kabla ya hoja zote kuna kosa la lugha ya vipimo ambalo linaweza kumuua mtu. Wataalamu wa hifadhi ya udongo hutaja mteremko kwa asilimia, yaani ardhi imepanda mita ngapi kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Geji nyingi za mashine zimeandikwa kwa digrii. Asilimia 100 si ukuta. Ni digrii 45. Asilimia 12 ni kama digrii 7, asilimia 35 ni kama digrii 19, na digrii 30 ni karibu asilimia 58.

Dereva aliyeambiwa na bwana shamba kwamba mwisho ni 25, kisha akaitazama geji yake ya digrii akingoja sindano ifike 25, atakuwa kwenye mteremko wa karibu asilimia 47. Bwana shamba alimaanisha digrii 14. Hapo hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisema kweli kwa kipimo chake, na trekta likalala ubavu.

Dawa yake ni nyepesi. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja, weka ncha moja chini upande wa juu wa mteremko, inua ncha ya pili hadi pima maji iliyo juu ya ubao ioneshe usawa, kisha pima pengo lililobaki kati ya ncha hiyo na ardhi. Pengo la sentimita 12 ni asilimia 12. Kila fundi mwashi ana pima maji, kwa hiyo kabla trekta halijaingia shambani mteremko unaweza kujulikana bila kununua chochote.

Mlima unaokumbuka vipimo

Uluguru imewahi kupimwa na wakubwa. Serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, uliotekelezwa kuanzia mwaka 1950, ukiwataka wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Lengo lililotajwa lilikuwa jema: kuzuia mmomonyoko na kulinda maji ya mto Ruvu. Utekelezaji ulikuwa wa amri na adhabu. Kuchimba ngazi kulikula nguvu kazi nyingi, na katika mashamba mengi udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa huku ule mfu wa chini ukiletwa juu, mavuno yakashuka. Kulikuwa pia na hofu ya ardhi. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na urithi hufuata upande wa mama, hivyo kazi ya kudumu kwenye kiwanja cha ukoo mwingine ilizua maswali ya nani atakimiliki baadaye. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Miaka 15 baadaye mlima wenyewe ulitoa somo lingine. Februari 1970 mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha Mgeta, huko huko Uluguru, kwa muda usiozidi saa tatu, na maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 yakatokea katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 75. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walioyachunguza waliona kwamba karibu yote yalikuwa kwenye mashamba na nyasi. Penye miti hayakutokea ila kwa nadra sana. Mizizi ya miti ilikuwa imeushika udongo ambao mizizi ya mazao haikuweza kuushika.

Matukio hayo mawili yanaeleza kwa nini mazungumzo juu ya mashine hapa si ya kiufundi peke yake. Anayepanda na kifaa cha kupimia mteremko anafuata nyayo za watu waliokuja na vifaa vya namna hiyo, wakaacha uchungu. Na udongo anaoukanyaga una historia ya kuondoka kwa ghafla.

Geji zenyewe na zinavyosema ukweli

Geji ya bei ndogo ni bomba la kioo au plastiki lililopinda, lenye mafuta na kipira kidogo ndani. Trekta likiinama, kipira huteremka na kusimama kwenye namba. Mafuta yapo ili kipira kisicheze kwa mtikisiko. Aina ya pili ina pendulo na sindano. Ya tatu ni ya kielektroniki, ikiwemo programu ya simu ambayo dereva huifunga mbele yake kwa mpira. Na fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza yake kwa bati lililochorwa namba, uzi na nati nzito: hiyo ni timazi ile ile ya mwashi, imebadilishiwa kazi.

Tofauti kubwa kati yao ipo katika mambo ambayo muuzaji hayasemi. Simu huchelewa, hupata joto juani, na skrini yake haisomeki mchana kweupe. Timazi ya uzi huyumba mno trekta likitembea. Kipira ndani ya mafuta kina faida moja ambayo watu huiona kama kasoro: trekta likikata kona, kipira husogea hata kama ardhi ni tambarare. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita tano, kitasogea karibu digrii tisa. Mtu atasema geji imedanganya. La hasha. Nguvu inayokisukuma kipira ndiyo hiyo hiyo inayolisukuma trekta kupinduka, na mwili wa mashine hautofautishi nguvu ya kona na nguvu ya mteremko. Geji ya namna hii inasema ukweli unaomhusu dereva.

Kuifunga nako kunahitaji uangalifu. Geji iliyopinda kwa digrii tatu siku ya kufungwa itapotosha kwa digrii tatu maisha yake yote. Njia ya uhakika ni kusimamisha trekta mahali pa tambarare, kuangalia kwanza kwamba matairi yote ya nyuma yana upepo sawa, kusoma namba, kisha kuligeuza trekta mahali pale pale litazame lilikotoka na kusoma tena. Geji iliyofungwa sawasawa itatoa namba ile ile kuelekea upande mwingine wa mwili wa trekta. Zikitofautiana, nusu ya tofauti ndiyo kosa la kurekebisha.

Hoja ya wanaoitaka

Watetezi wa geji wana hoja yenye uzito. Mwili wa binadamu ni mbovu wa kukadiria mteremko. Aliyezaliwa mlimani huuona mteremko wa digrii 15 kama kawaida, na aliyetoka Kilosa huuona kama maporomoko. Baada ya saa tatu za kulima, hata dereva mzoefu huzoea kuinama. Geji haichoki wala haizoei. Inampa mmiliki aliyekaa mjini neno la kumwambia dereva wake: ikifika hapa, geuza. Katika biashara ya kukodisha, ambako dereva hulipwa kwa ekari na mwenye shamba anamsukuma amalizie kile kipande cha juu, alama nyekundu ni mtetezi wa dereva. Anaweza kuionyesha kwa kidole bila kuonekana mwoga.

Kuna faida pia ya kujifunza. Chuo cha VETA cha Kihonda, pale pale Morogoro, kinafundisha ufundi wa mitambo ya kilimo, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kimekaa chini ya mlima wenyewe tangu mwaka 1984. Mwanafunzi anayeona sindano ikisogea kila gurudumu linapopanda kichuguu huelewa kwa nusu saa jambo ambalo ubao wa darasa hulieleza kwa wiki.

Hoja ya wanaotilia shaka

Upande wa pili unasema geji hueleza ulipo, wala haisemi unapokwenda. Trekta halipinduki kwa sababu ya wastani wa mteremko. Hupinduka kwa sababu ya jiwe moja au shimo moja. Mahesabu yake ni rahisi kufuata. Trekta dogo lenye upana wa sentimita 110 kati ya magurudumu ya nyuma, gurudumu la juu likipanda kichuguu cha sentimita 10, huongezeka kuinama kwa digrii tano hivi. Kama wakati huo gurudumu la chini limezama shimo la kina hicho hicho, ni digrii kumi. Geji iliyokuwa inasoma 15 sasa inasoma 25, na dereva hakupata muda wa kuitazama. Trekta linaloinua pua na kuangukia mgongoni wakati linavuta mzigo mzito kupanda hulala chini katika muda usiozidi sekunde moja na nusu. Muda huo hautoshi kusoma namba na kukanyaga klachi.

Wanaongeza kwamba namba nyekundu haiwezi kuwa moja kwa kila trekta, wala kwa trekta moja nyakati zote. Chukua mfano wa trekta la kilo 1,200 ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 65 juu ya ardhi na nusu ya upana wake ni sentimita 55. Likiwa limesimama bila kutikisika, kwa hesabu ya karatasi litapinduka kwenye digrii 40 hivi. Jaza kijiko cha mbele kilo 300 za mchanga na ukiinue mita mbili: kitovu kinapanda hadi sentimita 92, na pembe ya kupinduka inashuka hadi digrii 31. Kiteremshe kijiko kile kile hadi sentimita 40 kutoka ardhini na hatari hiyo inaondoka. Hali halisi ni mbaya kuliko karatasi, kwa sababu ekseli ya mbele ya trekta huchezea kwenye pini ya katikati na haisaidii kuzuia kupinduka mpaka mambo yameshaharibika.

Hoja yao kali zaidi ni ya mpangilio wa fedha. Sweden ililazimisha fremu ya kinga kwenye matrekta mapya kuanzia mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka hadi karibu na sifuri katika miongo iliyofuata. Hakuna geji iliyowahi kufanya hivyo mahali popote. Fremu ya chuma nyuma ya kiti pamoja na mkanda uliofungwa humwacha dereva hai trekta linapopinduka. Geji humtaarifu kwamba litapinduka. Hapa kwetu si jambo geni kukuta fremu imefunguliwa ili trekta lipite chini ya matawi au lipakiwe kwenye lori, kisha ikabaki gereji. Mkanda nao hutumika kufungia dumu la dizeli. Kufunga geji kwenye trekta la namna hiyo ni kuweka kengele kwenye nyumba isiyo na mlango.

Hoja hii naikubali karibu yote. Inapozidi kipimo ni pale inaposema geji haina kazi. Fremu hushughulikia kupinduka kulikokwisha kutokea. Geji, kwa dereva aliyefundishwa kugeuza mapema, hupunguza mara ambazo fremu itahitajika.

Trekta na udongo vinavutana

Nadhani ugumu wenyewe uko hapa, na ndio unaoachwa katika mabishano ya kawaida.

Usalama wa dereva unamwambia apande na kushuka moja kwa moja na mteremko. Akifanya hivyo, trekta haliinami ubavuni na geji inabaki sifuri, kijani tupu. Usalama wa udongo unamwambia kinyume: alime kwa kukinga mteremko, akifuata kontua, ili kila mfereji wa plau uwe kizuizi cha maji. Mfereji unaoshuka na mteremko ni njia ya maji iliyotengenezwa kwa dizeli. Mvua ya kwanza ya masika huigeuza korongo changa.

Kwa hiyo geji ya ubavuni, ikiachwa peke yake, inamfundisha dereva kuharibu mlima. Kila akijaribu kukinga mteremko sindano inamtisha, na kila akigeuka kushuka inamtuliza. Dereva anayelipwa kwa ekari atafuata kijani. Kifaa kilichonunuliwa kwa nia njema kinageuka kuwa mwalimu wa mmomonyoko, na matope yake yanaishia kwenye bwawa la Mindu linalonywesha mji wa Morogoro na kwenye mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam. Hilo si jambo dogo. Miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi Uluguru, eneo la Kibungo, wa kuwalipa wakulima wa juu wanaohifadhi udongo, shirika la maji la Dar es Salaam (DAWASCO) na Coca-Cola Kwanza wakiwa miongoni mwa wachangiaji wa malipo, kwa sababu maji yenye tope yana gharama kwa anayeyasafisha.

Haifai pia kulitwika trekta lawama zote. Utafiti uliofanywa Uluguru na wanasayansi wa SUA na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kwamba hata jembe la mkono huburuta udongo kuelekea chini kila msimu, kwa sababu mkulima husimama akitazama juu na kuvuta kuelekea miguuni. Mteremko ukiwa mkali, kulima kwenyewe ni kuhamisha shamba. Trekta linafanya kazi hiyo hiyo kwa haraka na kwa kina zaidi.

Basi kuna mipaka miwili ya mteremko, na watu wanaichanganya. Mpaka wa mashine, kwa trekta dogo lililopanuliwa magurudumu na lenye kijiko chini, unaweza kuwekwa karibu na digrii 15. Mpaka wa udongo unafika mapema zaidi. Kanuni za Kenya za mwaka 1965 za matumizi ya ardhi ya kilimo zilikataza kulima kwenye mteremko unaozidi asilimia 35, na kati ya asilimia 12 na 35 zikataka kwanza kuwe na kinga ya mmomonyoko. Asilimia 12 ni digrii 7. Yaani kati ya digrii 7 na 15 kuna ukanda ambamo trekta liko salama, dereva yuko salama, na shamba haliko salama. Ukanda huo ndio hasa vilima vya Mlali na Mkuyuni. Na mashamba mengi ya Mgeta yako juu ya mipaka yote miwili.

Kijiko na pembe yake

Kijiko cha mbele bado si cha kawaida kwenye mashamba yetu, kwa hiyo nitalipitia jambo hili upesi. Dereva aliyeketi haoni tumbo la kijiko. Fimbo nyembamba iliyochomelewa mgongoni mwake, sambamba na sakafu ya kijiko, humwonyesha kama kimelala au kinachimba. Kwa kuchota samadi, mchanga au kokoto, inatosha kabisa na fundi yeyote ataiweka.

Kwenye mteremko fimbo hiyo ina upungufu mmoja: inalinganisha kijiko na trekta. Hailinganishi na usawa wa dunia. Trekta likiwa limeinua pua kwa digrii kumi, kijiko ambacho fimbo inasema kimelala nacho kimeinuka digrii kumi. Anayetaka kusawazisha uso wa tuta la ngazi anahitaji geji inayofuata uzito wa dunia, iliyofungwa kwenye kijiko chenyewe.

Hata hivyo kuna kazi ambayo geji zote za trekta zinashindwa. Mfereji wa kutoa maji pembeni mwa shamba huhitaji mteremko wa asilimia moja au chini yake, yaani nusu digrii hivi. Mtikisiko wa injini peke yake husogeza sindano zaidi ya hapo. Mfereji wa namna hiyo hupimwa kwa fremu ya A au kwa mpira wa maji, huwekewa vigingi, na trekta hufuata vigingi. Anayeamini sindano atajenga mfereji unaorudisha maji katikati ya tuta, na tuta lililojaa maji ndilo linaloporomoka.

Shilingi iende wapi kwanza

Kwa mwenye trekta moja na fedha kidogo, fremu ya kinga na mkanda vinatangulia, na visifunguliwe. Kinachofuata hakina gharama kubwa: kugeuza ringi za nyuma ili magurudumu yawe mapana, na kujaza maji matairi ya nyuma kwa robo tatu. Hatua hizi mbili hubadilisha pembe ya kupinduka yenyewe, wakati geji hubadilisha tu anachokijua dereva. Uzito wa nyuma unasaidia breki pia, kwa sababu breki za matrekta madogo mengi zipo kwenye magurudumu ya nyuma, na kijiko kilichojaa mbele huyafanya yawe mepesi yasishike. Kushuka mteremko na mzigo kunataka gia nzito na ekseli ya mbele iliyounganishwa. Kukanyaga klachi hapo ni kuliachia trekta.

Geji inakuja baada ya hayo. Ni ya bei ndogo kiasi kwamba hakuna haja ya kuipigania wala kuipuuza. Pawatila, ambazo halmashauri nyingi zilizisambaza baada ya kutangazwa kwa azimio la Kilimo Kwanza mwaka 2009, hazina haja nayo: dereva anatembea nyuma, na akiona inalala anaiachia.

Gharama ambayo haionekani ni ya upande wa pili. Kijana wa mlimani, wa Nyandira au Kinole, akiambiwa trekta lisipande, abaki na jembe la mkono? Kumwacha na maumivu ya mgongo kwa jina la kulinda maji ya mjini ni kumtwisha yeye peke yake mzigo wa watu wote, na hilo lilishafanyika miaka ya 1950. Mlimani penye mteremko mkali, nguvu ya injini inaweza kuingia kwa njia nyingine: pampu ndogo ya umwagiliaji, mashine ya kupukuchua, barabara inayopitika ili kabichi isioze njiani. Trekta la kulima ni sehemu ndogo ya zana za kilimo, na Uluguru ni mahali ambapo sehemu hiyo ina nafasi finyu kuliko zote.

Uamuzi

Nikiweka hoja zote kwenye mizani, geji inastahili kufungwa, kwa sharti kwamba iwe na alama mbili. Ya kwanza, ya njano, iwe kwenye digrii 7, na maana yake iandikwe kwa Kiswahili pembeni: kuanzia hapa usilime bila makinga maji. Ya pili, nyekundu, iwe kwenye digrii 15 au chini ya hapo kama kitabu cha mtengenezaji kinasema hivyo: kuanzia hapa usiende kabisa. Na mteremko wa shamba upimwe kwa ubao na pima maji kabla ya injini kuwashwa, kwa sababu dereva anayeshuka na mteremko ubavu wake unasoma sifuri hata shamba likiwa asilimia 40. Bila kipimo hicho cha awali, alama ya njano haitaonekana kamwe kwa yule anayehitaji kuiona.

CAMARTEC ya Arusha ndiyo inayojaribu zana za kilimo nchini, na SUA ina wahandisi na mlima wa kufanyia majaribio mlangoni pake. Inafaa taasisi hizi mbili zichukue matrekta madogo yanayouzwa sasa, ziyapime pembe zake yakiwa na kijiko juu na kijiko chini, ziandike namba hizo kwa digrii na kwa asilimia kwenye kibandiko kimoja, na kibandiko hicho kiwe sharti la trekta kuuzwa.

Ewe mwenye trekta unayesoma haya: ukifika shambani Mlali na ubao wako ukaonyesha pengo la sentimita 12 au zaidi, mwambie mwenye shamba achimbe makinga maji kwanza, halafu akuite. Ukionyesha sentimita 27 au zaidi, yaani digrii 15, geuza trekta urudi bondeni.